Kenya yapunguza kawi kwenye takwimu, moshi ungali jikoni

KATIKA mikutano ya kimataifa kuhusu uchumi na mazingira, kuna kipimo kimoja kinachotumiwa kuamua ni nchi gani inayotumia kawi kwa busara na ni ipi inayoifuja. Kipimo hicho hupatikana kwa kuchukua kawi yote iliyotumika nchini kwa mwaka mmoja, iwe ni mafuta, umeme, kuni au makaa, na kuigawanya kwa pato la taifa la mwaka huo. Jibu huonyesha ni kawi kiasi gani iliyotumika kuzalisha kila shilingi ya pato.

Jibu likiwa dogo, nchi husifiwa. Likiwa kubwa, huambiwa irekebishe mambo. Umoja wa Mataifa ulikiingiza kipimo hiki katika malengo ya maendeleo yaliyopitishwa mwaka wa 2015, na katika kongamano la hali ya hewa lililofanyika Dubai mnamo Desemba 2023, mataifa yaliahidi kuongeza maradufu kasi ya kukishusha, kutoka takriban asilimia 2 kwa mwaka hadi zaidi ya asilimia 4 kufikia mwaka wa 2030.

Kenya haikuachwa nyuma. Mnamo 2020, serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa matumizi bora ya kawi, na miongoni mwa shabaha zake ni kupunguza kawi inayotumika kwa kila shilingi ya pato kwa asilimia 2.8 kila mwaka. Tangu mwanzoni mwa karne hii, kipimo hicho kimekuwa kikishuka nchini, ingawa kwa miaka mingi kimekuwa juu ya wastani wa dunia. Anayetazama nambari hiyo pekee anaweza kusema kuwa mambo ni shwari.

Hata hivyo, nambari hiyo yaweza kushuka bila mtu yeyote kuokoa hata kijiti kimoja cha kuni. Yaweza pia kupanda wakati nchi inapofanya jambo la maana. Isitoshe, sehemu kubwa ya kawi inayopotea Kenya haipotei katika viwanda vya Athi River au Thika. Hupotea katika meko ya watu maskini, mahali ambapo sera za serikali kuhusu ushuru zimekuwa zikienda mbele na kurudi nyuma. Ndiyo maana ni muhimu kuifungua hesabu hiyo na kuona kilichomo ndani.

Pato lapanda kwa siku moja

Mfano wa kwanza ni wa Septemba 30, 2014. Siku hiyo, Shirika la Takwimu nchini (KNBS) lilitangaza kuwa limebadilisha mwaka wa msingi unaotumiwa kukokotoa pato la taifa. Shughuli ambazo awali hazikuwa zimehesabiwa vilivyo, kama vile mawasiliano, ujenzi wa nyumba na biashara ndogo ndogo, zilipewa uzito unaofaa. Pato la mwaka wa 2013 likapanda kwa takriban asilimia 25, na Kenya ikaingia katika orodha ya mataifa yenye mapato ya kadri ya chini.

Marekebisho hayo yalikuwa ya haki, kwani uchumi ulikuwa umebadilika na takwimu zilikuwa zimebaki nyuma. Lakini yalikuwa na matokeo mengine ambayo hayakuzungumziwa sana. Kawi iliyotumika mwaka wa 2013 ilibaki ile ile, ilhali pato iliyogawanyiwa lilikuwa limekua kwa robo. Kwa hesabu ya kawaida, kawi kwa kila shilingi ya pato ilishuka kwa takriban moja ya tano. Hakuna jiko lililobadilishwa, hakuna kiwanda kilichonunua mtambo mpya, na hakuna lori lililotumia dizeli kidogo kuliko jana yake.

Si Kenya pekee iliyofanya hivyo. Nigeria ilikuwa imerekebisha takwimu zake miezi michache kabla, mnamo Aprili 2014, na pato lake likaongezeka kwa kiwango kikubwa zaidi. Wataalamu wanaolinganisha mataifa hurekebisha pia takwimu za miaka ya nyuma ili kuepuka kuruka kwa ghafla. Funzo kwa msomaji wa kawaida ni kwamba kabla ya kushangilia, ni vyema kuuliza ikiwa kilichobadilika ni kawi yenyewe au ni pato lililo chini ya mstari.

Viwanda vilivyozimwa

Njia ya pili ya kushusha kipimo hiki ni chungu zaidi, nayo ni kufungwa kwa viwanda. Kutengeneza karatasi, saruji, vyuma au sukari kunahitaji kawi nyingi kuliko kuendesha benki, shule au kampuni ya simu. Nchi inayopoteza viwanda na kuongeza huduma huonekana kana kwamba imejifunza kubana matumizi.

Mnamo Januari 2009, kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilichokuwa Webuye kilifungwa, maelfu ya watu wakapoteza riziki, na mji mzima ukazorota. Baadaye kiliuzwa kwa mwekezaji mwingine. Kiwanda hicho kilikuwa kikitumia umeme, mafuta na magogo kwa wingi, na kuzimwa kwake kulipunguza matumizi ya kawi nchini. Mnamo Septemba 2013, kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilichokuwa kikifanya kazi tangu 1963, kilikoma kusafisha mafuta ghafi. Tangu wakati huo Kenya huagiza petroli, dizeli na mafuta ya taa yakiwa yameshasafishwa. Kawi ya kuyasafisha huchomwa katika nchi nyingine na kuandikwa katika vitabu vya huko.

Ikumbukwe pia yaliyoipata kampuni ya sukari ya Mumias. Mnamo 2009 kampuni hiyo ilizindua mtambo wa megawati 38 uliochoma mabaki ya miwa yaliyokamuliwa ili kupata umeme, na megawati 26 kati ya hizo ziliuzwa katika gridi ya taifa. Hapo ndipo palipokuwa na mfano halisi wa matumizi bora ya kawi, kwani takataka za kiwanda ziligeuzwa kuwa stima na mapato. Kufikia Septemba 2019 kampuni hiyo ilikuwa imewekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Kuanguka kwake hakukusababishwa na mtambo huo, bali na matatizo ya usimamizi, madeni na uhaba wa miwa. Lakini nchi ilipoteza vyote viwili, sukari na umeme.

Mchango wa viwanda katika pato la taifa umekuwa ukipungua. Mnamo 2017 serikali ilipotangaza Ajenda Nne Kuu, mchango huo ulikuwa takriban asilimia 9, na ahadi ilikuwa kuufikisha asilimia 15 kufikia 2022. Badala yake ulishuka na kuwa chini ya asilimia 8. Hali hii inasaidia kushusha kipimo cha kawi, lakini ni nani anayeweza kuiita mafanikio? Kijana wa Webuye aliyeachwa bila kazi hakuokoa kawi. Alipoteza ajira.

Mvuke wa Olkaria

Kwa upande mwingine, kipimo hiki chaweza kuiadhibu nchi kwa jambo jema. Kenya ni miongoni mwa mataifa yanayoongoza duniani kwa kuzalisha umeme kutokana na mvuke wa ardhini. Kazi hiyo ilianza Olkaria, karibu na Naivasha, mwaka wa 1981. Upanuzi mkubwa wa megawati 280 uliofanywa karibu na mwaka wa 2014 uliiwezesha nchi kupunguza utegemezi wake kwa mabwawa ya Mto Tana, ambayo hukauka wakati wa kiangazi, na kwa mitambo ya dizeli. Wanaokumbuka mgao wa umeme wa mwaka wa 2000, ambapo ukame ulilazimisha mitaa na viwanda kukaa gizani kwa saa nyingi, wanajua thamani ya mabadiliko hayo. Siku hizi mvuke hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya.

Lakini hebu tazama jinsi hesabu inavyofanywa. Katika kanuni zinazotumiwa na Shirika la Kimataifa la Kawi (IEA), umeme wa maji huhesabiwa kama ulivyo, yaani uniti moja iliyozalishwa ni uniti moja ya kawi iliyotumika. Umeme wa mvuke huchukuliwa kuwa umetokana na joto lililo mara kumi ya umeme wenyewe, isipokuwa nchi iwe na vipimo vyake halisi. Mantiki yake ni kwamba sehemu ndogo tu ya joto linalotoka ardhini ndiyo inayogeuka kuwa stima.

Matokeo yake ni kwamba ukame unapopunguza maji ya Masinga na umeme wa Olkaria ukachukua nafasi yake, kawi inayoandikwa katika vitabu hupanda mara kumi kwa kila uniti, ilhali taa zinazowaka ni zile zile. Joto hilo halinunuliwi kutoka ng'ambo wala halikatwi msituni. Kuliweka katika kapu moja na gunia la makaa ni kuchanganya vitu visivyolingana.

Mafiga matatu

Baada ya kuyatenga hayo, swali linabaki: kawi ya Kenya inapotea wapi kwa hakika? Jibu limo katika stakabadhi za serikali yenyewe. Sera ya kawi ya mwaka wa 2004 ilieleza kuwa kuni, makaa na mabaki ya mimea yalichangia takriban asilimia 68 ya kawi yote iliyotumika nchini, mafuta asilimia 22, na umeme asilimia 9. Sera zilizofuata ziliendelea kutaja viwango vinavyokaribiana na hivyo. Kwa maneno mengine, umeme unaojadiliwa bungeni na magazetini kila siku ni sehemu ndogo ya kawi ya taifa. Sehemu kubwa zaidi haina mita wala bili.

Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya familia zilitegemea kuni kama njia kuu ya kupikia, asilimia 23.9 gesi, asilimia 11.6 makaa na asilimia 7.8 mafuta ya taa. Waliopika kwa stima hawakufika asilimia moja. Ni kweli kuwa pana hatua zilizopigwa, kwani sensa ya 2009 ilipata familia zinazotumia gesi zikiwa takriban asilimia 5 pekee. Hata hivyo, miongo sita baada ya uhuru, zaidi ya nusu ya familia za Kenya zingali zinapika kwa kuni.

Ubaya wa mafiga matatu ni kwamba sehemu kubwa ya joto haiifikii sufuria. Vipimo vingi vinaonyesha kuwa ni takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya kawi iliyomo ndani ya kuni inayoingia katika chakula. Nyingine huenda na upepo na moshi. Jiko la gesi huingiza zaidi ya nusu ya kawi yake katika sufuria. Kwa hiyo, ili kuchemsha maharagwe yale yale, familia inayotumia mafiga hutumia kawi mara nne au zaidi ya jirani yake anayetumia gesi.

Makaa nayo yana hasara inayoanzia mbali na jikoni. Katika tanuri la kienyeji la kufukia magogo kwa udongo, kilo sita hadi kumi za kuni huhitajika ili kupata kilo moja ya makaa. Ingawa makaa yana kawi nyingi kuliko kuni kwa uzito sawa, takriban robo tatu ya kawi ya mti huwa imepotea kabla ya gunia kupakiwa kwenye lori. Mnunuzi wa mkebe wa makaa mtaani Kibera au Kisauni huwa ananunua kilichobaki, kisha akapoteza kingine tena katika jiko lake.

Hasara hiyo haionekani katika bili, lakini hulipwa. Mwanamke wa kijijini huilipa kwa saa anazotembea kutafuta kuni, saa ambazo pato la taifa halizitambui. Watoto na akina mama huilipa kwa magonjwa ya mapafu yanayosababishwa na moshi. Misitu nayo huilipa kwa miti. Mapema mwaka wa 2018 hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na Kaunti ya Kitui chini ya Gavana Charity Ngilu ikazuia usafirishaji wa makaa, jambo lililozua uhasama baina ya wenyeji na wafanyabiashara kutoka kaunti nyingine. Marufuku ya kitaifa ililegezwa mwaka wa 2023. Marufuku haipiki ugali, na maadamu mahitaji yapo mijini, mkaa utapata njia.

Kenya iliwahi kuonyesha kuwa tatizo hili lina dawa. Mnamo Agosti 1981, Nairobi ilikuwa mwenyeji wa kongamano la Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya kawi. Miaka michache iliyofuata, wahandisi wa humu nchini walichukua wazo la jiko la Thailand, wakalirekebisha, na kuunda jiko la mabati lenye kikombe cha udongo uliochomwa. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo na kwingineko walilitengeneza kwa nyundo na makasi ya bati. Jiko hilo hupunguza matumizi ya makaa kwa thuluthi hadi nusu ikilinganishwa na jiko la kale la chuma, na leo hupatikana katika masoko ya Afrika Mashariki nzima na mbali zaidi. Lilienea kwa sababu mama wa nyumbani aliona makaa yakidumu na pesa zikibaki mfukoni.

Ushuru unaokwenda kinyume

Ikiwa hasara kubwa iko jikoni, basi sera inayostahili ni ile inayomwezesha mwananchi kuacha mafiga. Hapo ndipo serikali imejikanganya. Mnamo 2016 gesi ya kupikia iliondolewa ushuru wa VAT, na matumizi yakapanda. Mnamo Julai 2021 ushuru huo ulirudishwa kwa asilimia 16. Mwaka uliofuata ukapunguzwa hadi asilimia 8, na mnamo 2023 ukaondolewa tena. Kwa kipindi cha miaka saba, sera ilibadilika mara nne.

Wakati huo huo, vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilipandisha bei za kawi ulimwenguni. Mtungi wa kilo 13 uliokuwa ukijazwa kwa takriban Sh2,000 ulipita Sh3,000. Matumizi ya gesi nchini yalishuka mwaka huo wa 2022, kisha yakaanza kupanda tena mwaka uliofuata. Mabadiliko ya bei za dunia hayakuwa kosa la Nairobi, lakini ushuru uliongeza mzigo wakati mbaya kabisa.

Mafuta ya taa nayo yalikuwa yametozwa ada ya Sh18 kwa lita tangu Septemba 2018, ili kuzuia wafanyabiashara walaghai kuyachanganya na dizeli. Lengo hilo lilikuwa na msingi, kwani mchanganyiko huo uliharibu injini na kuikosesha serikali mapato. Lakini familia ya mtaa wa mabanda iliyokuwa ikipikia stovu haikuwa na pesa za kununua mtungi wa gesi, na njia iliyobaki karibu ilikuwa makaa. Hazina ya Kitaifa ilipata ada yake, na Wizara ya Kawi ikabaki na shabaha yake ya kupunguza ufujaji, kana kwamba ofisi hizo mbili zilikuwa katika nchi mbili tofauti.

Wapo wanaopinga gesi kwa hoja kwamba inaagizwa kutoka nje kwa dola, ilhali kuni ni mali ya nyumbani. Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Ndiyo maana upishi wa stima unastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Sufuria ya umeme inayopika kwa shinikizo hupika maharagwe kwa uniti chache sana. Serikali ilizindua mkakati wa upishi wa stima mwaka wa 2024, sambamba na mpango wa kuwawezesha Wakenya wote kupata njia safi za kupika kufikia 2028. Kinachosubiriwa ni bei ya sufuria hizo kuwafikia watu wa kawaida, na umeme wenyewe kutokatika saa ya chajio.

Nyaya zinazovuja

Hapo panaibuka hasara ya pili kwa ukubwa ambayo serikali ina uwezo wa kuirekebisha moja kwa moja. Katika miaka ya karibuni, kati ya kila uniti 100 ambazo kampuni ya Kenya Power imekuwa ikinunua, zaidi ya 20 zimekuwa hazilipiwi. Baadhi hugeuka joto katika nyaya ndefu na transfoma kuukuu, na nyingine huibwa kupitia miunganisho haramu na mita zilizochezewa. Mkakati wa 2020 uliahidi kupunguza hasara hiyo kutoka asilimia 23 hadi 15. Mwananchi anayelipa bili kwa uaminifu hulipia pia sehemu ya umeme huo uliopotea.

Usiku wa manane, matumizi ya umeme nchini hushuka hadi karibu nusu ya yale ya saa mbili usiku. Kwa sababu hiyo, KenGen hulazimika kuachilia mvuke hewani huko Olkaria bila kuutumia. Saa za jioni nazo, matumizi yaliyovuka megawati 2,300 mwaka wa 2025 huelemea mitambo na nyaya, na baadhi ya maeneo hukatiwa stima. Nchi hiyo hiyo ina ziada saa nane za usiku na upungufu saa mbili. Mpango wa kuvipunguzia viwanda bei ya umeme wa usiku ulianzishwa Desemba 2017, lakini kiwanda hakiwezi kuongeza zamu ya usiku ikiwa hakina soko la bidhaa zake.

Katika viwanda vyenyewe, sheria zipo. Kanuni za mwaka wa 2012 zinataka kampuni, hoteli na taasisi zinazotumia zaidi ya uniti 180,000 za kawi kwa mwaka zikaguliwe angalau kila baada ya miaka mitatu, na zitekeleze mapendekezo ya wakaguzi. Kanuni za 2016 zinataka friji na vifaa vingine viwe na kibandiko cha nyota kinachoonyesha kama vinatumia stima kidogo au nyingi. Viwanda vya majani chai, ambavyo huchoma kuni kwa wingi ili kukausha majani, vimepanda mikaratusi yao wenyewe, na baadhi vimejenga mitambo midogo ya maji, kama ule wa Gura katika Kaunti ya Nyeri. Hatua kama hizo hupunguza gharama na kuziacha ajira zilipo. Huo ndio ubanaji wa kawi unaostahili kuitwa kwa jina hilo.

Funzo kutoka China

Hatari ya kufuata nambari bila kutazama kilicho nyuma yake ilidhihirika nchini China. Taifa hilo lina historia ya kujivunia, kwani kati ya 1980 na 2000 uchumi wake ulikua takriban mara nne ilhali matumizi ya kawi yaliongezeka takriban mara mbili. Katika mpango wake wa miaka mitano wa 2006 hadi 2010, serikali ya Beijing iliagiza kipimo cha kawi kwa pato kishushwe kwa asilimia 20, na wakuu wa mikoa wakaambiwa kuwa watapimwa kwa matokeo hayo.

Viwanda vingi vikuukuu vilifungwa na mitambo bora ikanunuliwa. Lakini mwaka wa mwisho ulipokaribia kwisha, baadhi ya mikoa ilikuwa bado haijafikisha shabaha. Viongozi wakaamua kukata umeme. Viwanda vilizimiwa kwa siku kadhaa, na katika wilaya ya Anping, mkoani Hebei, hata makazi ya watu yalikosa stima. Wenye viwanda wakanunua jenereta za dizeli, na uhaba wa dizeli ukatokea mwishoni mwa 2010. China ilitangaza kuwa imepata asilimia 19.1. Nambari ilikaribia kutimia, lakini sehemu ya hesabu hiyo ilikuwa giza nyumbani mwa watu na moshi wa jenereta.

Kenya haina mabavu ya kuzima mikoa, wala haihitaji. Hatari yake ni ya kimyakimya zaidi. Ni ile ya kuandika katika ripoti kuwa shabaha ya asilimia 2.8 imetimizwa, ilhali kilichotokea ni viwanda kupungua, benki na kampuni za simu kukua, na familia za Turkana, Kwale na Siaya kuendelea kupuliza moto kama mama zao walivyofanya.

Ripoti inayohitajika

Hakuna anayesema kipimo hicho kitupwe. Kina manufaa yake, hasa kwa mataifa tajiri ambayo jikoni zao zilishabadilika zamani na ambayo tatizo lao ni magari makubwa, nyumba zinazovuja joto na viwanda vikongwe. Kwa nchi kama Kenya, ambayo raia wake wa kawaida hutumia umeme kidogo mno kwa mwaka, shida kuu ni kupata kawi ya kutosha iliyo safi na isiyopotea. Nchi itakayojenga viwanda, hospitali na reli itahitaji kawi zaidi, na wala si jambo la kuonea haya.

Kinachotakikana ni Wizara ya Kawi na KNBS kuacha kuchapisha jibu moja na kuanza kuchapisha matatu kila mwaka. La kwanza ni kawi inayotumika jikoni kwa kila familia, ikitengwa kwa kuni, makaa, gesi na stima. La pili ni hasara ya umeme katika nyaya, kaunti kwa kaunti. La tatu ni kawi inayotumika viwandani kwa kila tani ya saruji, sukari au majani chai, ili ijulikane kama kiwanda kimekuwa bora au kimepunguza tu kazi.

Takwimu hizo zikiwepo, wabunge watakapoketi kujadili Mswada wa Fedha na kufikia ushuru wa gesi au wa sufuria za stima, watakuwa na kitu cha kupimia uamuzi wao. Wataweza kuona, kwa kila shilingi inayoongezwa kwenye mtungi, ni magunia mangapi ya makaa yatakayoteremka kutoka Kitui, Narok na Tana River kuelekea mijini.